Mkoba Mvunguni mwa Mkwe

Mungu anisamehe, lakini hasira niliyoipata msibani Matema bado ninayo.

Nilifika siku ya tatu baada ya kifo, kutoka Ngana, mimi na akina mama wenzangu wa kanisani, tumebeba mchele na ndizi. Aliyefariki ni kaka wa Mzee Andongwisye, baba mkwe wa binti yangu. Binti huyo, Felista, alikuwa ametangulia na mumewe Sylvester kutoka kwao Mbugani. Nilimkuta nyuma ya jiko amejikunja kwenye mkeka, midomo imekauka, ametapika mpaka hana cha kutapika.

Wifi yake Atupele alikuwa anapepeta mchele.

"Mama, kaa ule," akaniambia. "Huyo ni mimba tu. Andaa mbeleko." Wenzake wakacheka.

Nilimshika Felista paji la uso. Baridi, na jasho. Nikamuuliza sikioni kama amemeza dawa. Akatikisa kichwa.

Felista ana ugonjwa unaomshambulia viungo na figo. Huu mwaka wa nne anameza prednisoloni kila asubuhi baada ya uji. Nilikuwepo daktari alipomwonya kwamba mwili ukishazoea dawa hizo unaacha kutengeneza ya kwake, na akikatisha ghafla anaweza kuanguka akafa. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini hilo nililielewa siku ileile.

Kumbe dawa zilikuwa mkobani, mikoba ya wageni iliwekwa chumba cha nyuma, na jioni ileile waliyofika miguu ya Mzee Andongwisye ikavimba, wakamlaza humo. Na kwetu mke wa mtoto haingii alipo baba mkwe. Hamtazami, hapiti mbele yake, jina lake halitaji. Felista akamwomba mumewe amtolee mkoba. Sylvester akasema atautoa akirudi kutoka kuchimba kaburi. Kesho yake akamwomba tena, akajibiwa kwamba siku moja haiui. Akamgeukia Atupele. Atupele akamwambia apumzike kidogo na hivyo vidonge, huenda hayo mashavu yakapungua. Na mashavu yenyewe yameletwa na dawa.

Asubuhi tatu. Mkoba uko hatua kumi kutoka alipolala.

Sikupiga hodi. Mzee alikuwa ameketi kitandani, akaanza kunisalimia, nami nikapiga magoti nikavuta mkoba mvunguni, pembeni ya miguu yake. Akauliza kuna nini.

"Mkwe, mwanao anakufa kwa kukuheshimu."

Akajibu, "Angesema, ningetoka nje."

"Angesema kwa mdomo upi? Tulimfundisha anyamaze. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Nilimpa Felista kidonge, akakitapika palepale. Ndipo Sylvester akaja, mikono ina damu ya ng'ombe waliyekuwa wanamchuna, ananiomba tungoje watu wamalize kula kwanza, tusije tukaonekana tumekimbia msiba. Nilimwambia ambebe mkewe au anipishe nimbebe mimi. Akambeba. Tulimpakia kwenye bajaji kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, nami njia nzima nilimwita Bwana kwa sauti, wala si kwa upole.

Hospitali walikuta presha iko chini kabisa. Wakamtundikia dripu, wakamchoma sindano ya dawa ileile kwenye mshipa. Muuguzi akatuambia mgonjwa wa namna hii akitapika dawa analetwa saa hiyohiyo, hangojewi. Kisha akauliza ni nani aliyekaa naye siku tatu hizo. Nilimtazama Sylvester mpaka akasema ni yeye.

Asubuhi Felista alifumbua macho. Jambo la kwanza alilofanya, kwa mkono wenye dripu, ni kuvuta khanga kufunika uso. Nikageuka. Mzee Andongwisye alikuwa mlangoni na fimbo yake, ametugeuzia mgongo, amenyoosha mkono nyuma. Ameshika kifuko cha kitambaa chenye kamba ya shingoni. Alikuwa amemwamuru Atupele akishone.

"Mwambie mwanangu dawa zikae humu," akauambia ukuta. "Na popote nilipo, agonge. Nitatoka."

"Ndaga," nikamshukuru, nikakipokea. Kwake sikuwa na neno lingine.

Sylvester alikuwa amesimama kando. Nilichukua kidonge cha asubuhi nikakiweka kiganjani mwake.

"Mpe wewe," nikamwambia. "Nikuone."

Nilisimama pale mpaka Felista akameza.