Kamera ya Nyuma ya Trela

Ridhwani alikuwa ameshasema mbele ya kila mtu, kuanzia polisi hadi jamaa wa nyumbani, kwamba siku ile alitia gia ya nyuma. Alilisema mara nyingi mno, na neno ukilisema mara nyingi mno, wewe mwenyewe unaanza kulitilia shaka. Mwaka mzima sasa. Mkono wake ulikumbuka gia. Masikio yake hayakukumbuka kitu.

Kazi yao ilikuwa Mokowe, upande wa bara, pale barabara inapokwisha na mtu wa Amu anapanda boti kwenda kwao kisiwani. Ridhwani aliendesha pikapu iliyovuta trela la kubebea boti. Boti ikiharibika hupandishwa juu ya trela ikapelekwa kwa mafundi, ikipona hurudishwa majini kinyumenyume kwenye mteremko wa saruji. Na dereva hapo haoni kitu, wallahi. Boti imemziba kote, vioo vya pembeni vinamwonyesha mbavu za boti basi. Ndiyo sababu binamu yake, Musab, alifunga king'ora mkiani mwa trela, kile kinacholia tii, tii, tii gari likitiwa gia ya nyuma, ili aliyeko huko ajitoe.

Boti ya kwanza baada ya Idi, Musab alikuwa nyuma, ameinama anafungua mkanda. Trela likarudi. King'ora hakikulia, na Musab hakujitoa.

Baba yake Musab, mzee Dawud, alikuwa amesimama pale pale kati ya gari na trela. Ridhwani humwita Ami, kwani ni ndugu wa baba yake, na ndiye aliyemlea chini ya dari moja na Musab tangu wote wawili hawajui kufunga kikoi. Mzee alisema neno moja tu, na Mokowe nzima ikalishika: Ridhwani aliliachia gari lishuke frii, bila gia, kwa uvivu, na gari likishuka frii king'ora hakilii. Muuza chai wa pale juu naye aliapa hakusikia tii wala toi. Polisi waliandika kuwa ni ajali wakaenda zao. Mzee hakuandika ajali.

Usifikiri waliachana. Waachane vipi, na pikapu na trela ni vya ukoo, na Musab ameacha mke na mabinti wawili? Mzee alichukua nafasi ya mwanawe kwenye trela, na kila siku ya kazi alivuka kutoka Amu na mpwa wake katika boti moja. Salamu aliitikia kwa kuwa kuitikia ni wajibu. Zaidi ya hapo, ilikuwa ni "vuta", "simama", "rudi". Jina la Ridhwani halikumtoka kinywani. Kile king'ora Ridhwani alikifungua mwenyewe akakitupa, hakuweza hata kukitazama. Alichokitaka hapa duniani kilikuwa kimoja: ami yake amwambie, nimekuridhia. Kijana wa watu alikonda kwa hilo, mashati yakawa yanamning'inia.

Basi akanunua kamera. Alisema hatarudi nyuma tena kama kipofu, liwalo na liwe. Akamwita Harith, fundi wa redio na sola kutoka Amu, mtu wa maneno mengi lakini mkono wake mwepesi. Harith aliifunga kamera mkiani mwa trela, akapitisha waya kwenye bomba la chuma mpaka mbele, kisha akabandika skrini ndogo juu ya dashibodi. Umeme aliuchukua kwenye taa ya nyuma ya trela, ile nyeupe inayowaka dereva akitia gia ya kurudi. Alimweleza Ridhwani kwamba hivyo ndivyo vizuri, hana haja ya kubonyeza kitu: akitia gia, kamera inaamka yenyewe.

Uwanjani kwa mafundi ikaamka. Ridhwani aliona ardhi, kuku, miguu ya Harith aliyekuwa akicheza dansi nyuma ya trela, na akacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi.

Maji yalipojaa wakaenda mteremkoni na boti juu ya trela. Ridhwani akasimama kule juu kama kawaida, akatia gia. Skrini nyeusi.

Wakarudi uwanjani, skrini ikawaka. Harith alikuna kichwa. Akafungua fyuzi, nzima. Akapakwangua mahali waya wa ardhi ulipofungwa kwenye chuma, maana kutu ya maji ya chumvi haina adabu. Akafungua kila kiungo, akakifunga upya kwa tepu, akapima kwa taa yake ya majaribio, umeme upo. Wakashuka tena mteremkoni. Nyeusi. Harith sasa akaanza kuitukana kamera, aliyeitengeneza na meli iliyoileta. Mzee Dawud alisimama pembeni akiwatazama, akingoja watu wazima wamalize mchezo wao.

Mara ya tatu Harith alikataa kukaa ndani ya gari. Alitembea kwa miguu ubavuni mwa trela, macho hayabanduki kwenye ule waya mnene unaotoka trelani kuingia kwenye plagi nyuma ya pikapu, kwani kila umeme wa trela hupita humo. Gari likasimama juu ya mteremko. Na hapo akamwona mzee Dawud anapita katikati, anashusha mkono bila hata kuangalia, anachomoa plagi, anautundika waya begani kwake.

Harith akapasuka kicheko. Alimwita Ridhwani ashuke aje aone mchawi wao. Akamtania mzee kwamba wamehangaika tangu asubuhi kumbe mwizi wa umeme wanaye, kisha, kwa vile mafundi hupenda kufundisha, akaendelea: ukichomoa hii, huko nyuma kumekufa kote, taa, kamera, hata ungefunga king'ora kisingelia. Akauliza ameanza lini tabia hii.

"Tangu zile taa zilipopasuka, mwisho wa Shaabani," mzee alisema. "Taa ya moto ikiingia majini yapasuka. Musab alinambia, baba, tukianza kazi tena chomoa kabla ya maji. Nami huko tini kwateleza, magoti hayana nguvu. Nachomoa huku juu, tukiondoka nachomeka."

Ridhwani alisikia. Ramadhani yote trela lilikuwa limelala. Boti ya kwanza baada ya Idi ndiyo ile.

Yeye hakuwahi kushuka garini wakati wa kazi. Mambo ya plagi yalikuwa ya walioko nyuma, hakuyajua wala hakuyauliza. Sasa aliyajua. Alitia gia siku ile, na mkono wake haukumdanganya. Na niseme kweli hata kama ni aibu: moyo wake uliruka kwa furaha. Musab yuko kaburini, ami yake yuko mbele yake na waya begani, na yeye Ridhwani alitaka kupiga kelele soko zima lisikie. Muuza chai aje. Polisi waje. Kila aliyemgeuzia kisogo msikitini aje asikie.

Kisha akamtazama mzee usoni. Mzee alikuwa anahesabu. Midomo ilikuwa inamcheza, Shaabani, Ramadhani, Idi, na mkono wake uliuteremsha waya kutoka begani, ukaushika mbali na mwili. Ridhwani aliiona hesabu ile inavyomkaribia, na akajua ikifika haitambakisha. Alikuwa mtu wa miaka sabini na mbili aliyemzika mtoto wake wa pekee.

"Ridhwani," mzee alisema. Mwaka mzima, na sasa jina. "Nambia kweli. Siku ile ulitia gia?"

Wewe ungesema nini? Mimi sijui, na yeyote anayesema anajua, muache aseme. Hili ndilo swali alilolilia mwaka mzima aulizwe. Jibu alikuwa nalo, na shahidi alikuwa naye hapo hapo.

"Sikutia, Ami," Ridhwani alisema. "Niliiachia frii."

Harith alifungua kinywa. Ridhwani akamkazia jicho, na yule mtu wa maneno mengi akakifumba.

"Ulisema ulitia."

"Niliogopa. Nilidanganya."

Mzee alikaa juu ya chuma cha trela, taratibu, akijishikilia kwa mikono miwili. Akavuta pumzi ndefu. "Alhamdulillahi," alisema, kwa sauti ya chini. Mzee hakulia wala hakumtukana. Alisema wavuke Amu sasa hivi, ili maneno hayo Ridhwani akayarudie mbele ya mjane.

Boti ya mteja waliiacha juu ya trela. Wakavuka, wakapanda vichochoro, mzee mbele na mpwa nyuma, mpaka nyumbani kwa Bi Radhiya, mke wa Musab. Ridhwani alivua viatu kizingitini. Bi Radhiya alikaa ndani ya mlango na mtandio wake, mabinti amewatuma kwa jirani. Mzee akamwambia Ridhwani aseme, naye akasema yote tena, frii, uvivu, woga, uongo. Mara ya pili ulimi ulikuwa mwepesi zaidi, na hilo lilimtisha.

Bi Radhiya aliuvuta mtandio mbele.

"Asubuhi ile tuligombana," alisema. "Nilimwambia aende asirudi. Mwaka mzima nimekuwa nikidhani king'ora kililia, ila akili yake ilikuwa kwenye maneno yangu ndiyo asisikie. Kumbe hakikulia." Akajipangusa uso kwa ncha ya mtandio. "Ahsante kwa kusema kweli. Sasa usikanyage tena hapa, wala nikifa usinizike."

"Haya, Bi Radhiya," Ridhwani alisema, akainama kutafuta viatu vyake.