Mashine ya Wajawazito

Asubuhi ile baba mkubwa alilitupa begi langu nje, majirani wakiona, akasema nimtaje mwanaume aliyenipa mimba au nisilale tena katika nyumba ile. Nyumba ya marehemu baba yangu, jamani! Mama akalia. Mimi sikulia. Nililia mwezi uliopita, sketi ilipoanza kunibana tumboni na nikajua nitakavyosemwa. Siku ile hasira ndizo zilizobaki.

"Simjui mwanaume yeyote," nikamwambia.

"Lisemwalo lipo," akajibu, akaenda zake kufungua bucha.

Lipo! Kwani tumbo ni lake?

Siku hiyohiyo watu wa afya walikuja na mashine ya kupiga picha za tumbo. Wakaiweka darasa la nne, wakaunganisha meza mbili za walimu na kutandika shuka. Walitangaza kila mtu apimwe, wake kwa waume, maana kuna mdudu anayeweza kukaa kwenye ini miaka na mwenyewe usijue. Kijiji kizima kikaja, kijiji kizima kikasimama uwanjani. Hakuna aliyeingia. Sisi mashine ile tunaijua kwa jina moja tu, mashine ya wajawazito. Mwanaume alale pale apakwe jeli tumboni? Thubutu! Na msichana asiye na mume akilala pale, si ameshakiri?

Baba mkubwa alikuja na aproni yake ya damu, akawachekesha watu. "Mimi nikipimwa, naomba mapacha!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Daktari, dada mmoja mwembamba mwenye mafua, akaanza kukunja nyaya.

Nikapita katikati yao. Minong'ono ikanifuata hadi ndani. Nikapanda mezani, na daktari akaenda kufunga mlango.

"Usifunge," nikasema.

"Dada, mambo ya mgonjwa ni siri."

"Yangu yalishaacha kuwa siri. Uongo umetembea kijiji kizima, halafu ukweli ufungiwe ndani? Geuza hiyo skrini waone. Mama, njoo unishike mkono."

Jeli ilikuwa ya baridi. Daktari akapitisha kile kifaa polepole chini ya kitovu. "Mfuko wa uzazi ni mtupu," akasema. "Hapa hakuna mtoto."

"Rudia, wa nyuma hawajasikia."

Akarudia. Mama akaniminya mkono mpaka ukauma. Kisha kifaa kikapanda hadi chini ya mbavu, na kwenye skrini kikatokea kitu cheusi cha duara, kikubwa, ndani yake viduara vidogo vimebanana.

"Tatizo ni hili," daktari akasema. "Mfuko wa maji kwenye ini. Unaletwa na minyoo ya mbwa, na huu umekua miaka mingi. Itabidi upasuliwe hospitali kubwa, dada. Ukijipasukia humo ndani unaweza kukuua."

Niliogopa, sisemi uongo. Daktari akawageukia waliojazana mlangoni. "Nani anachinja hapa? Maini yenye malengelenge ya maji mnayapeleka wapi?"

"Mimi nawatupia mbwa," baba mkubwa akajibu, kifua mbele. "Siuzi uchafu mimi!"

Daktari akaeleza. Mbwa akila maini yale, anapata minyoo. Mayai ya minyoo yanatoka na kinyesi, yananasa kwenye manyoya, na mtoto akimchezea mbwa kisha akala bila kunawa, ameyameza. Na nani asiyejua kwamba mimi nilikulia nyuma ya bucha lile? Mama aliniacha pale kila alipokwenda shambani, kwa shemeji yake, nicheze na mbwa.

Nikakaa, nikajifuta tumbo. "Zamu yako, baba mkubwa."

"Mimi ni mwanaume."

"Kwani wanaume hawana maini? Mbwa wanakulamba mikono kutwa. Panda."

Akawatazama watu wake. Wote wakaangalia pembeni. Akavua aproni, akapanda, meza ikalia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, funga mlango."

Mkuki kwa nguruwe! Ningeweza kumkatalia. Lakini ugomvi wangu ulikuwa na yeye, si na ini lake, nikatoka na kuufunga mlango. Nje foleni ilishaanza, wanaume wanasukumana.

Alipotoka hakuwa na mzaha. "Na mimi ninao," akasema. "Wangu mdogo, wa dawa tu."

"Pole," nikamwambia, na ilitoka moyoni. "Sasa twende nyumbani. Lile begi utalirudisha mwenyewe, majirani walewale wakiona. Litatoka tena nikienda hospitali, na nikirudi litarudi."

Akalibeba, mama nyuma yake, majirani wamesimama mabarazani. Alipoingia chumbani kwangu akainama aliweke chini, karibu na mlango.

"Kitandani," nikasema.