Punje ya Sita

Ilikuwa mwaka 2024, msimu wa vuli, wakati ambapo mawingu yalipita juu ya Voi kila alasiri kama wageni wasiotaka kuketi. Kilimia kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Na mwaka ule kundi hilo la nyota lilizama kwa gharika. Vumbi jekundu lilitanda juu ya kila kitu kisichofunikwa, lakini katika nyumba ya Lorna Auma, mwalimu wa fizikia, hapakuwa na kitu kisichofunikwa. Redio ilikuwa na kitambaa chake, mtungi wa maji chake, viti vyote vyao. Vitambaa hivyo Nyanya Wakesho alivifuma kwa kupapasa, maana presha ya macho ilikuwa imemwachia giza tupu.

Hakuwa nyanya wa damu. Lorna alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, binti wa Odera, mtu wa magharibi mwa nchi aliyeletwa Voi na kazi. Akiwa bado mdogo, surua ilimshika macho, na baba yake akampeleka Wusi, milimani, kwa Wakesho aliyekuwa akimuuzia mboga, ili ubaridi wa kule umpunguzie homa. Kila jioni Wakesho alimketisha uani, macho yamefungwa kitambaa, akamsimulia mbingu. Kilimia kilipochomoza, alimwekea punje za mahindi kiganjani, moja baada ya nyingine, kila moja mahali pa nyota yake. Baada ya ile ya tano alisita.

"Ya sita sikupi," alisema. "Ukifunguliwa macho, itafute mwenyewe, kisha uje uniwekee mimi kiganjani. Hilo ni deni."

Macho yalifunguliwa, lakini surua ilikuwa imeacha kovu katika mboni. Lorna alihesabu tano. Miaka mingi baadaye, kwa miwani, alihesabu tano. Aliona haya kusema, na deni likakua pamoja naye, kimya, kama mti uliopandwa nyuma ya nyumba.

Ndiyo maana, chuo kikuu alichosomea kilipomwazima kamera ya kupigia nyota, aliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa silinda nyekundu isiyozidi kikombe cha uji. Ndani yake mlikuwa na kibamba cha kupokea mwanga, na nyuma yake kipoza kilichokifanya kibamba hicho kiwe baridi kama barafu, huku feni ndogo ikilitoa joto nje. Alitakiwa kuirudisha Jumatatu.

Jioni ya kwanza alipiga picha uani, akaitazama katika kompyuta, na moyo ukamruka. Pembeni mwa zile tano palikuwa na nukta moja, nyeupe, tulivu. Alikimbilia mahindi. Akazipanga punje katika kiganja cha Wakesho, akamalizia na ile ya sita. Kidole cha kizee kilitambaa juu yake, kikarudi, kikatambaa tena.

"Hapo hapana nyota."

"Nimeiona, Nyanya. Imo kwenye picha."

"Basi picha yako imeota. Mtoto wa reli wewe! Unataka hata nyota zifike kwa saa ya treni."

Lorna alicheka, ila kicheko hakikumfika moyoni. Aliifunika lenzi kwa kifuniko chake, akapiga picha ya giza. Giza hilo lilipaswa kuwa tupu. Badala yake zilijitokeza nukta nyekundu, za buluu na nyeupe, kama taa za mji usio na jina zinapotazamwa kutoka mlimani. Na miongoni mwake, pale pale, ilikuwamo nyota yake ya sita.

Aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Kibamba kikipata joto huona kisichokuwapo, kama mgonjwa wa homa. Akakumbuka kwamba hata yeye, nyuma ya kile kitambaa cha utotoni, aliwahi kuona mataa mengi yakielea, akayanyoshea mikono, na Wakesho akaishusha mikono ile taratibu bila kumcheka.

Jumamosi alianza kuusaka ugonjwa. Picha ya giza haihitaji usiku, kwa hiyo aliweka kamera mezani mchana, imefunikwa lenzi, akafanya kama alivyowafundisha wanafunzi wake: badili jambo moja, tazama, kisha jingine. Alibadili waya, akidhani ule mrefu unaupunguza umeme njiani. Kamera ilipoa, ikasita, kisha joto likapanda tena. Akabadili betri. Ikapoa, ikasita, ikapanda. Kipoza kilifanya kazi kwa nguvu zake zote, mithili ya mtu anayeteka maji kwa pakacha. Mchana ulipokomaa na bati la paa likaanza kulia kwa jua, Lorna alikata tamaa, akaamua kuipakia irudi ilikotoka.

Hapo ndipo alipoivua vazi lake.

Siku ile ile kamera ilipofika, Wakesho alikuwa ameifumia fulana ya sufu nyeupe yenye tundu la lenzi, akisema kwamba vumbi la Voi halina adabu. Lorna hakuihesabu miongoni mwa visababishi. Nani huhesabu fulana? Sasa ilikuwa ya moto mkononi mwake kama nguo iliyotoka kwenye pasi. Ilikuwa imefunika matundu yote ya nyuma, na nyuzi za sufu zilikuwa zimejisokota katika mabawa ya feni.

"Umenyamaza," Wakesho alisema kutoka kitini pake. "Imekuwaje?"

"Nadhani ni waya, Nyanya."

"Auma. Mimi ni kipofu, si kiziwi. Sauti ya mtu anayeficha jambo naijua."

Lorna alimwekea fulana ile magotini. Wakesho akaipapasa, akalisikia joto lake, akazishika zile nyuzi zilizokatika. Ghafla akaangua kicheko.

"Kumbe nimeiziba pumzi, maskini! Mbona hukusema?"

"Niliogopa kukuvunja moyo."

Kicheko kikazimika. Wakesho aliikunja fulana mara moja, akaikunja tena.

"Na mimi joto la nyumba hii nimelinyamazia tangu uliponileta, kwa sababu iyo hiyo. Nilijikwaa kwenye ngazi za shamba kule Wusi mara moja tu, ukanishusha huku. Madirisha umeyafunga kwa ajili ya vumbi, mlango kwa ajili ya wezi. Nami nimo ndani kama chai kwenye chupa."

Lorna alitazama madirisha. Hakukumbuka ni lini aliyafungua mara ya mwisho. Aliinuka, akayafungua yote, na vumbi likaingia bila kubisha hodi, likatua juu ya vitambaa. Hakuna aliyelifuta.

Jumapili walipanda Wusi. Danson, mpwa wa Wakesho, alikuwa amefagia nyumba na kuwasha moto jikoni. Wakesho alizishuka ngazi za shamba kwa makalio, akijitukana mwenyewe kwa Kidawida, na Lorna akajizuia asimshike mkono.

Jua lilipozama, alizitoa nyuzi za sufu kwa kibanio cha nywele, akaiwasha kamera. Feni ikavuma. Wakesho aliweka kiganja nyuma yake, penye pumzi ya moto.

"Sasa inahema vizuri," alisema.

Picha ya giza ikaja, nayo ilikuwa giza. Lorna alikuwa hajawahi kuifurahia picha isiyo na kitu namna ile. Alisubiri ukungu upasuke juu ya kilima cha mashariki, na ulipopasuka, akaondoa kifuniko, akapiga picha.

Nyota zilitokea katika kompyuta zikiwa zimevikwa moshi wa samawati. Alizihesabu zile kubwa kwa ncha ya kalamu, tano, kisha akaiona ya sita. Haikuwa pembeni kabisa. Ilikuwa karibu mno na jirani yake, kiasi kwamba jicho lenye kovu lilikuwa limeziunganisha miaka yote kuwa moja. Aliifunika lenzi tena kwa hofu, akapiga, akatazama. Pale palikuwa patupu. Ilikuwa ya kweli.

Akachota mahindi chunguni, akapiga magoti mbele ya kiti cha Wakesho. Akaweka punje tano, kila moja mahali pake, pasipo haraka. Kisha akaiweka ya sita, ikagusana na jirani yake.

Kidole cha Wakesho kilitambaa, kikafika, kikatulia. Alikifumba kiganja polepole, kama mtu anayefunga mlango ili mtoto aliyelala asiamke.