Namba Inakuja kwa Mama

Mimi niliachana na mtoto wake, sikuachana na yeye. Nalisema mapema kwa sababu wapo watu mtaani wanaojiuliza ni talaka gani hii, kila Jumatatu mwanamke yuko kibarazani kwa mama mkwe wake wa zamani anamsuka. Wajiulize mpaka wachoke. Mimi ni msusi, Jumatatu saluni haina watu, na yule mama ndiye mtu pekee katika familia ile aliyewahi kuniuliza kama nimekula.

Watoto wake ni watatu, na sijui wamemtokea wapi. Mkubwa anaitwa Meneja, jina alilojipa mwenyewe alipokalia kiti cha marehemu baba yake kwenye studio ya picha, kiti chenyewe hakijapoa. Anayemfuata ni wifi yangu. Yeye husafisha picha kwa kompyuta nyumbani kwake, na ukimsikia anavyoongea utadhani sura za mabibi harusi anaziumba yeye. Wa mwisho ni mtalaka wangu, mpiga picha wa masherehe. Huyo sina la kumsema, isipokuwa kwamba kazi ya kuwaambia watu watabasamu anaiweza sana.

Mzee wao, Mungu amrehemu, aliziweka kazi zote za studio kwenye akaunti moja ya mtandaoni kabla hajafa. Akaiwekea ulinzi wa hatua mbili. Ukishaandika nenosiri, namba inatumwa kwenye simu, na bila namba hiyo huingii hata ulie. Akaipanga pia isimkumbuke mtu: ukitoka umetoka, ukirudi unaanza upya. Na simu aliyoichagua haikuwa ya Meneja. Ilikuwa ya mkewe, mwanamke asiyejua hata kompyuta inawashiwa wapi. Watoto walisema ni dawa za hospitali zimemchanganya mzee. Mimi nilisema moyoni kwamba mzee anawajua wanawe.

Maana tangu siku hiyo, yeyote kati yao akitaka kufungua picha, sharti ampigie mama yake. Na Mama hakuwa mtu wa kutoa namba hivi hivi. Kwanza anatafuta miwani. Halafu anasogea penye mwanga. Halafu anasema, "Imekuja. Wewe umekula?"

"Mama, kuna mteja hapa."

"Na mteja naye amekula?"

Mpaka amalize habari za mgongo wa Meneja na kikohozi cha mjukuu, ile namba imeshapitwa na wakati, inabidi itumwe nyingine. Mama hakukasirika. "Ileteni tu," alikuwa akisema, "mimi niko hapa." Ikifika mchana ameshaongea na wote watatu, wengine mara mbili. Jumatatu nikimsuka alinisimulia yote: jino la mjukuu limetoka, wifi yako ana mafua, mwenzio, yaani mtalaka wangu, sauti yake leo haikuwa nzuri. Niliumia kumsikiliza. Hawakuwa wakimpigia yeye, walikuwa wakiipigia namba. Lakini sauti ni sauti, na zilikuwa za wanawe.

Jumatatu moja simu ikalia nikiwa nimemgawa kichwa katikati. Alikuwa Meneja. Mama huweka simu mbali na sikio na sauti juu, kwa hiyo nami nilisikia.

"Mama, leo usiniulize chochote. Nisomee namba inayokuja, basi."

Akavaa miwani, akamsomea mbili mbili, taratibu, kama anavyosoma siku zote. Meneja akarudia, nikasikia akibofya, kisha akacheka. "Haya, Mama. Sasa umepumzika."

"Nimepumzika na nini?"

Alikuwa ameshakata.

Siku iliyofuata simu haikulia. Mama akadhani studio imefungwa. Haikulia kesho yake, wala keshokutwa. Akaifuta kwa kitambaa, akaichaji mpaka ikapata moto. Akanifuata saluni, akaniomba nimpigie tukiwa tumekaa pamoja. Nikapiga, ikalia.

"Labda inalia kwako tu," akasema.

Akaipeleka kwa fundi simu wa pale kona. Fundi akaifungua, akaipuliza vumbi, akaifunga, akampigia. Akamwambia, "Mama, simu yako nzima. Ni watu tu hawapigi." Alirudi saluni kunihadithia huku anacheka, kana kwamba fundi amemtania. Mimi sikuweza kucheka.

"Si uwapigie wewe, Mama?"

"Niwapigie niwaambie nini? Sina namba ya kuwapa."

Nikavua aproni, nikamwachia mteja wangu kioo, nikaenda studio.

Meneja alikuwa kwenye kile kiti kinachozunguka, anazunguka. Mtu mzima mwenye mvi kidevuni, anazunguka kama mtoto aliyeachwa dukani. Aliponiona akasimamisha kiti kwa mguu.

"Shemeji," nikamwambia, "mama yenu mmemfanya nini?"

"Shemeji wa zamani," akanisahihisha. "Mama hajafanywa kitu. Tumeizima ile habari ya namba. Mambo ya hatua mbili ni ya watu wenye siri zao. Sisi tuna nini? Picha za harusi."

"Mlikubaliana?"

"Wote. Dada yangu amefurahi, anasema sasa anafanya kazi kama binadamu. Na mwenzio, samahani, mtu wako wa zamani, yeye ndiye aliyesema tangu mwanzo kwamba ni usumbufu."

"Na Mama je?"

"Mama tumempumzisha. Alikuwa anasumbuliwa mchana kutwa, mtu mzima yule."

"Alikwambia anasumbuliwa?"

Akatazama pembeni. Mtu mwenye uso mkavu namna ile, nikaona kwa mara ya kwanza amekosa pa kuuweka. Lakini haikudumu. Akajitutumua na kunieleza, kwa majivuno kabisa, kwamba ulinzi ule hauzimiki mpaka uingize namba ya mwisho, na kwamba namba hiyo ya mwisho alisomewa na Mama mwenyewe, tena bila kuulizwa maswali. Alisimulia kama mtu aliyempiga chenga askari.

"Yaani umemfungisha mama yako mlango kwa mkono wake mwenyewe."

"Wewe ni msusi," akasema. "Nenda kasuke."

Nikamtazama juu mpaka chini, nikaona ni hasara kuendelea kutumia mate yangu. Nikatoka. Juu ya mlango wa studio kulikuwa bado kumeandikwa kwa rangi nyekundu jina la utani la mzee, herufi kubwa, mtu anaweza kulisoma kutoka ng'ambo ya barabara. Nikasimama nikalitazama. Nenosiri lao ni jina hilohilo. Lilikuwa hilo nilipokuwa mke wa mtu pale, na sikuona sababu ya kudhani kwamba watu wale wametumia akili tangu nilipoondoka.

Jumatatu nikaenda kusuka kama kawaida. Nilipofika nusu ya kichwa nikatoa simu yangu, nikaandika anwani ya akaunti, nikaandika jina la mzee. Ikafunguka. Watu waliokumbuka kunidai mpaka sufuria za harusi siku ya talaka hawakukumbuka kubadilisha nenosiri. Kitasa cha pili wamekizima, na ufunguo wa cha kwanza wameupaka rangi juu ya mlango. Kazi zote za mzee zilikuwa mbele yangu, tangu enzi za picha zisizo na rangi. Ningekuwa na roho yao ningefuta zote, na Meneja angebaki na kiti chake cha kuzunguka.

Sikufuta. Nilitafuta mahali pa ulinzi, nikauwasha, nikaweka namba ya simu ya Mama.

Simu yake ikalia tu kidogo, ule mlio wa ujumbe. Mama akainuka ghafla mpaka nywele zikanichomoka mkononi.

"Nani kati yao?" akauliza.

Nikatamani ardhi inimeze. "Ni mimi, Mama," nikamwambia. Kisha nikamweleza yote, ya Meneja, ya studio, ya ulinzi kuzimwa. Alisikiliza huku ameishika simu kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo namba niliyomsomea siku ile ndiyo iliyozima?"

"Ndiyo, Mama."

"Niliisoma vizuri?"

"Uliisoma vizuri."

Akatikisa kichwa, akakaa. Hakuwatukana. Mimi niliwatukana kwa niaba yake, kimyakimya, mmoja mmoja kwa jina lake. Akanipa simu yake, nikaingiza namba, nikamalizia, tukaendelea kusuka.

Haukupita muda mrefu, ujumbe ukaingia. Nyuma yake, simu yenyewe ikalia. Meneja.

"Mama, hiki kitu kimejiwasha, sijui ni shetani gani. Nina wateja wamejaa hapa. Nisomee hiyo namba niingie, halafu utanisomea nyingine nikizime moja kwa moja."

Mama akavaa miwani, akautazama ujumbe, akanigeuzia kioo cha simu. "Nisomee wewe," akaninong'oneza. "Ujumbe wote, si namba peke yake."

Nikamsomea polepole sikioni. Namba yenyewe, halafu maneno yanayofuata: Usimpe mtu yeyote namba hii.

"Imeandikwa hivyo siku zote?"

"Siku zote, Mama."

Akavua miwani, akaikunja, akaiweka mapajani. Kisha akasema kwenye simu, kwa sauti ya upole sana, "Haijaja, baba."

"Haijaja vipi? Subiri, naituma tena." Ujumbe mwingine ukaingia, tukausikia wote wawili.

"Haijaja," akasema Mama. "Simu hii naona ni mbovu. Njoo uitazame."

"Basi nitamwambia mtu aje."

"Njoo mwenyewe. Uje na wenzio."

Nyuma yake nilisikia mteja akiuliza picha zake ziko wapi. Nilisikia pia kile kiti kikilalamika.

"Haya, Mama," akasema. "Tunakuja."

Mama akaisukuma simu chini ya paja lake. Ikalia huko tena, na tena, namba moja baada ya nyingine, naye hakuitazama. Akapapasa upande wa kichwa ambao sikuwa nimeufikia, akanishikisha chanuo.

"Unimalizie upesi," akasema. "Wasinikute nusu."