Beseni la Buluu la Mzee Kibiwott

Mzee Kibiwott alikuwa na hoteli ya chakula mjini Kitale, na juu ya kaunta aliweka tangi la kioo lenye samaki sita wa dhahabu. Mwaka ule wa 1986 hakuna hoteli nyingine mtaani iliyokuwa na samaki wasioliwa. Kila mteja alilazimika kusikia habari zao kabla ya kuketi: walivyoletwa kutoka Nairobi ndani ya debe, walivyogoma kula siku mbili, yupi dume na yupi jike, ingawa hilo la mwisho mzee alijibunia tu. Watu walikula maharagwe yaliyopoa huku wakielezwa. Mkewe, Chepchumba, aliyekuwa mpishi, aliona kupitia dirisha la jikoni jinsi wateja walivyochungulia mlangoni, wakamwona mzee yupo, wakavuka barabara kwenda kula kwingine.

Mwezi wa Julai samaki walitokwa na madoa meupe, madogo kama chembe za chumvi, wakawa wanajikuna kwenye mawe. Mmoja akafa. Kibiwott alikuwa amefuga ng'ombe tangu utotoni, na kwake mnyama mwenye ugonjwa wa ngozi ni wa kuogeshwa. Akaenda stoo kutafuta dawa ya kupe. Hakuiona, kwa sababu Chepchumba alikuwa amewahi kuificha nyuma ya magunia ya makaa. Mkewe alimshauri kwa upole kwamba Bungoma kuna mwalimu wa bayolojia, Edah Nekoye, ambaye samaki wake wameishi miaka mitano, na ni vizuri aulizwe kabla hawa watano hawajamfuata mwenzao.

Edah alifika Jumamosi, na chupa ya dawa ya samaki, methilini bluu, imefungwa kwa gazeti. Alieleza kwamba yale madoa ni vijidudu vilivyojichimbia kwenye ngozi, na vikiwa humo dawa haivipati mpaka vitoke, ndiyo maana kuogesha mara moja hakufai. Tangi lisafishwe na kubadilishwa maji kila siku, kwa maji yaliyolala kwenye ndoo. Samaki nao waogeshwe nusu saa kila siku, kwa siku kumi, katika beseni lililodondoshewa dawa mpaka maji yawe buluu. Mtu akae hapo akiwatazama, na yeyote atakayeanza kulala ubavu atolewe mara moja.

Maelezo hayo ya dakika kumi yalichukua saa mbili, kwa sababu kila neno la mwalimu lilimkumbusha mzee jambo lake mwenyewe. Edah alipoingia jikoni kunawa mikono, Chepchumba alimsimulia habari za wateja wanaovuka barabara. Kisha, macho yake yakiwa kwenye sufuria, aliuliza kama samaki hawawezi kuogeshwa saa ya chakula cha mchana. Edah alikausha mikono. Aliporudi kaunta uso wake ulikuwa wa darasani kabisa.

"Mzee, kuna kitu nimesahau. Samaki husikia kwa mwili mzima. Ukiongea karibu na beseni anashtuka, na akishtuka dawa haiingii."

"Hata kidogo tu?"

"Hata kunong'ona. Na iwe saa saba, maji ikishapata joto."

Kwamba samaki husikia kwa mwili ni kweli. Hayo mengine Edah aliyatunga kati ya mlango wa jikoni na kaunta.

Siku ya kwanza wateja walimkuta Kibiwott ameinamia beseni, chujio kubwa la chai mkononi, mdomo umefungwa. Walimsalimu, akaitikia kwa nyusi. Siku ya tatu meza zote zilijaa. Siku ya tano Chepchumba aliongeza sufuria ya pili ya maharagwe. Mikono ya mzee iligeuka buluu mpaka kwenye viwiko, na kwa kuwa alipenda kujishika kidevu akiwaza, kidevu nacho kikawa buluu. Kanisani Jumapili watu walimpa mkono kwa kusitasita.

Kunyamaza kulimtesa, lakini kulimpa kitu ambacho hakuwa nacho, yaani masikio. Siku ya saba alimsikia Jotham, rafiki yake wa miaka mingi, akimwambia mwenzake mezani, "Leo nitakula polepole, bana. Pametulia." Kibiwott aliendelea kutazama beseni. Jioni ile hakula vizuri, na mkewe alipomwuliza, alisema ni harufu ya dawa.

Siku ya kumi Edah alirudi kuwakagua samaki. Mmoja alikuwa amekufa katikati ya juma, lakini wanne walikuwa safi, mapezi yamefunguka. Alifurahi hata akajisahau. Aliinama juu ya beseni akawahesabu kwa sauti, akamwita Chepchumba aje aone, akacheka. Kisha akainua kichwa, akamkuta Kibiwott anamtazama.

Mzee alichukua chujio lake. Aliwahamisha samaki mmoja mmoja kwenye tangi, akafuta mikono, akaketi. Nusu saa iliisha, naye bado kimya. Edah alikunywa chai bila kuhisi ladha yake. Chepchumba alipanguza meza moja mara tatu.

"Baba Jepkoech," akamwambia mumewe mwishowe, "ni mimi nilimwomba."

"Najua," akasema Kibiwott. "Mwalimu ni mgeni, hawezi kujua saa ya watu wangu kula." Akajikuna kidevu chake cha buluu. "Kwani naongea sana namna hiyo?"

Chepchumba akaanza kupanguza meza mara ya nne, na mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Alimshukuru Edah kwa heshima zote, akamfungia kuku wa kwenda naye, akamsindikiza mpaka stendi. Edah alirudi Bungoma akijiona ameponea chupuchupu.

Kuanzia siku hiyo Kibiwott aliwaacha wateja wale chakula kwanza. Walipomaliza sahani, wakiwa wameshiba na hawana haraka, ndipo aliposogeza kiti. Na hakuwaeleza tena habari za samaki. Aliwaeleza habari za daktari mmoja wa ajabu wa wanyama, mwanamke, asiyekataa mgonjwa yeyote, na akawaelekeza nyumba yake ilipo Bungoma, rangi ya geti na saa anazotoka shuleni. Aliwaeleza wa Kimilili, aliwaeleza wa Webuye, aliwaeleza wapita njia.

Jumatano ya wiki iliyofuata Edah alikuta watu saba getini. Kulikuwa na mbuzi aliyevimba jicho, paka ndani ya kikapu, na mbwa ambaye mwenyewe hakukubali kusema anaumwa nini. Mwalimu alisimama na vitabu vyake kwapani, akasema mara mbili kwamba yeye si daktari. Hakuna aliyeondoka.

"Si ni wewe huwa unaponya samaki?" mama mmoja wa Misikhu akauliza, bata amembana chini ya kanga. "Huyu ni rahisi. Yuko na miguu."

Edah aliweka vitabu juu ya ukuta, akamwomba amshike vizuri, akafungua mdomo wa bata kutazama ndani.