Jiwe la Verlin

Mgeni wa Mto Sorrel huvuliwa saa kabla hajavaa buti. Ndivyo wanavyofanya watu wa huko tangu bwawa lijengwe: saa ya mgeni inawekwa juu ya boneti ya gari, ya mwenyeji inawekwa kando yake, zinalinganishwa. Bwawa linafuata saa za mashariki ya Tennessee, Nashville iko nyuma kwa saa nzima, na wageni wengi hutoka Nashville. Maji yakifunguliwa hayaulizi mtu katoka wapi. Verlin Hatmaker alikuwa amewaongoza wavuvi mtoni kwa miaka thelathini na nane, na hakuwahi kumruhusu hata mmoja, awe hakimu au mchungaji, atie mguu majini kabla ya kulinganisha saa.

Asubuhi hiyo hakulinganisha. Kama angeulizwa, angesema kasahau. Mwongo. Angelinganishaje saa mbili wakati hakuona mshale wa hata moja?

Katikati ya kila alichokitazama palikuwa na doa la kijivu. Pembeni aliona vizuri tu; ukimtaka amwone kuku, sharti atazame ua. Daktari wa Knoxville alimweleza kwa upole kwamba doa hilo haliponi na kwamba asishike tena usukani. Verlin alimshukuru, akampa mkono, akatoka akaendesha gari mpaka nyumbani. Mwaka ulikuwa umepita na hakumwambia mtu. Mkewe alishafariki, na mtoto wake wa pekee, Reva, ameolewa huko Nashville. Reva akijua, atazichukua funguo za gari na kumhamishia ghorofani kwake, akae dirishani ahesabu magari ya watu. Verlin aliliogopa dirisha hilo kuliko kaburi.

"Simu iache garini," alimwambia mkwewe Curtis, aliyekuja na Reva usiku uliopita kwa mapumziko ya siku tatu. "Mtoni hakuna anayempigia mtu."

"Na saa, mzee?"

"Unayo?"

"Ya mkono. Aliniachia marehemu baba."

"Basi inatosha. Twende."

Walivuka maji ya magotini hadi kwenye fungu la kokoto katikati ya mto. Verlin aliinama, akapapasa, akaokota jiwe jeupe la ukubwa wa mkate akaliweka ukingoni, nusu majini, nusu nje. Hotuba yake ya jiwe aliijua kama Baba Yetu.

"Hili ndilo bosi wetu. Likilowa kichwa, tunaondoka. Hata kama umemnasa samaki wa maisha yako, unakata mshipi unaondoka. King'ora cha bwawa hakivuki lile pindo la mlima, kwa hiyo usikingoje. Nimepiga simu ya bwawa alfajiri: wanafungua saa sita kamili mchana. Maji yanatufikia hapa saa saba na nusu. Sisi saa saba tuko garini, tunarudi kwenye chakula cha Reva. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Nani anaangalia jiwe?"

"Mimi. Wewe angalia mshipi wako."

Curtis alikuwa fundi wa viyoyozi, mtu mkubwa, mpole, mwenye mikono mizito kama ya dubu, na mtoni alikuwa mgeni kabisa. Verlin alimpa kijisanduku cha nzi wa manyoya, wale wadudu wa bandia aliowafunga mwenyewe zamani, macho yalipokuwa macho.

"Mfunge mwenyewe," alisema. "Ukifungiwa kila siku utazeeka hujui kufunga hata kiatu."

"Reva alisema unawafungia wageni wote."

"Wageni. Wewe umenilia kuku wa Pasaka mara tano, ugeni umekwisha."

Curtis akacheka, akahangaika na fundo kwa dakika kumi. Verlin alisimama kando ameshika kiuno kama mwalimu mkali, na moyoni alishukuru kwamba kijana huyu haulizi sana.

Mawingu yalifunika bonde. Jua halikuonekana lilipo, na maji yalikuwa baridi, maana yalitoka chini kabisa ya bwawa. Ndiyo sababu trauti, samaki wapendao maji baridi, walikaa hapo hata wakati wa kiangazi. Curtis alimpata mmoja mapema, mwenye madoa mekundu, akamwachia. Baadaye wakasogea mwisho wa fungu, mahali Kijito cha Dobbs kinapomwaga maji yake ya vuguvugu. Hapo baridi na joto huonana, na besi, samaki wa rangi ya shaba mwenye hasira za mlevi, hukaa kwenye mpaka huo akingoja chakula. Jiwe likabaki nyuma yao, hatua ishirini.

"Mzee," Curtis alisema bila kugeuka, "nikuulize kitu cha nyumbani?"

"Uliza."

"Reva anadhani umemkasirikia. Anasema tangu Krismasi humtazami usoni. Unaongea naye unatazama ukuta. Jana usiku amelia."

Verlin aliuchomeka kwenye kokoto mkongojo wake wa kuvukia mto. Aliona aibu ikimpanda shingoni.

"Saa ngapi?" aliuliza hatimaye, ili aseme kitu.

Curtis akatazama mkono. "Saa sita na dakika ishirini."

"Bado tuna muda. Rusha pale, chini ya lile povu."

Kumbe saa halisi ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Ile saa ya marehemu haikuguswa tangu Nashville.

Besi alimeza nzi kwenye mrusho wa nne. Ufito ulipinda hadi mpini, mshipi ukalia, na samaki akaruka nje ya maji mara mbili. Curtis alipiga kelele za furaha kama mtoto. Verlin naye alisahau umri, akawa anaamuru: mwache aende, usimvute, inua ufito, taratibu, taratibu bwana.

Kisha akanyamaza. Kuna kitu kilikuwa kimekosekana, na hakujua ni nini. Haikuwa sauti ya kuku, mbwa wala barabara; hivyo vyote vilikuwa mbali. Akainamisha kichwa asikilize. Kule juu, maji yalipopita kwenye mawe madogo, asubuhi nzima yalikuwa yakipiga domo kama wanawake kisimani. Sasa yalikuwa yamenyamaza. Mawe yalikuwa yamefunikwa.

"Curtis. Tazama jiwe langu."

"Subiri, mzee, huyu anachoka."

"Tazama jiwe."

Curtis akageuka. Verlin aliisikia pumzi yake ikikatika.

"Hakuna jiwe."

"Tazama vizuri. Jeupe."

"Mzee, hakuna jiwe. Hakuna hata ukingo. Maji yamefika hapo tuliposimama mwanzo."

"Saa yako," Verlin alisema, na mara moja akajua. "Ni ya Nashville."

"Ni ya—" Curtis akatazama mkono wake. "Mungu wangu. Nimesahau kuipeleka mbele. Ni kosa langu."

"Kata mshipi."

"Mzee, huyu ni—"

"Kata."

Akakata. Samaki wa maisha yake akaenda zake.

Kutoka kwenye fungu hadi kando ya mto, upande wa gari, kulikuwa na njia moja tu: mgongo wa mwamba, upana wa watu wawili, uliopita chini ya maji. Upande wa chini wa mwamba kulikuwa na shimo lililomchukua mtu na farasi wake zamani za babu. Njia hiyo huioni. Unaifuata kwa alama. Kwenye kando hiyo kulikuwa na mti wenye panda, shina lililogawanyika mara mbili, na nyuma yake, juu kilimani, ghala lenye paa jekundu. Paa likikaa katikati ya panda, uko juu ya mwamba. Likitoka, uko njiani kwenda kwa farasi. Verlin alikuwa ameivuka hivyo mara elfu. Mwaka huu alikuwa akiivuka kwa kupapasa na miguu tu, maji yakiwa ya magotini na dunia ikiwa na amani.

Curtis alikuwa ameanza kwenda, moja kwa moja kuelekea gari lilipo, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Alikuwa anaelekea shimoni.

"Simama!"

Akasimama, maji yakimfika mapajani. "Basi tangulia wewe, mzee. Nionyeshe njia. Haraka."

Verlin alitazama kule kando, upande wa gari. Doa likafunika mti, ghala, kilima na kila kitu. Akageuza macho pembeni. Mti ukatokea, umeyeyuka kama sabuni, na wekundu fulani juu yake, lakini upo wapi hasa hakuweza kusema. Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kilikuwa kinakuja, tena cha watu wawili. Angeweza kubahatisha. Kwa sekunde mbili, Mungu amsamehe, aliliwaza hilo: abahatishe, wapone, asijue mtu.

"Sioni," alisema.

"Nini?"

"Sioni, Curtis. Macho yangu yamekufa katikati. Mwaka mzima sasa. Sikuliona jiwe, sioni mti, hata wewe sikuoni uso. Usiniulize sasa hivi, utaniuliza tukiwa hai. Njoo hapa."

Curtis hakuuliza. Alirudi. Verlin akampitisha mkono kwapani, wakafungana kama walevi wawili, mzee upande wa juu unakotoka mkondo.

"Kuna mti wenye panda. Umeuona?"

"Nimeuona."

"Paa jekundu liko wapi?"

"Kulia. Kulia kwa mti kabisa."

"Tumeshuka mno. Twende kushoto, dhidi ya maji. Burura miguu, usiinue. Sasa?"

"Bado kulia."

"Sasa?"

"Linaingia. Linaingia kwenye panda. Katikati."

Mguu wa Verlin ukagusa mwamba. Aliujua mwamba ule kama ngazi ya nyumbani kwake. "Sasa wewe ni macho, mimi ni miguu. Usitazame maji hata kidogo. Tazama paa, na kila hatua uniambie."

"Katikati."

Hatua.

"Katikati."

Hatua. Maji yakawafika kiunoni, mazito, yenye majani na vijiti, baridi ya kukata pumzi. Mkongojo wa Verlin ulinaswa kati ya mawe, ukamtoka mkononi ukaenda.

"Katikati. Katikati. Kulia kidogo, mzee. Kulia."

"Sukuma kushoto."

"Siwezi, yananibeba."

Curtis aliteleza. Uzito wake wote ukamning'inia mzee begani, na maji yakaingia kwenye suruali ya mpira ya kuvulia aliyovaa Curtis. Verlin alichimbia visigino kwenye ufa aliojua upo hapo, ufa ambao siku nyingine aliutukana kwa kumvunjia kidole, akamshikilia. Hakuomba, hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Paa liko wapi, mwanangu?"

Curtis akakohoa maji. "Kulia."

"Basi inuka, tulirudishe."

Akainuka. Wakalirudisha. Katikati, katikati, katikati, mpaka maji yakashuka mapajani, kisha magotini, kisha wakaanguka kwenye nyasi na kulala kifudifudi, wakihema. Nyuma yao fungu la kokoto lilikuwa limekwisha kuzama.

Reva ndiye aliyewakuta hapo. Alikuwa amewangoja nyumbani na chakula, saa saba ikapita, akachukua gari la Curtis akaja mbio. Alipowaona wazima hofu ikageuka hasira.

"Nimewaona kutoka barabarani. Nimewaona mko katikati ya maji. Hii ni nini?"

"Ni mimi," Curtis alisema haraka, akikaa. "Saa yangu. Sikuipeleka mbele. Mzee kaniuliza saa, nikamdanganya bila kujua. Yeye ndiye kaniokoa."

"Saa? Curtis, mtoto wa miaka sita wa huku anajua habari ya saa. Ungemuua baba yangu kwa saa?"

"Najua. Nisamehe."

Curtis aliishia hapo. Habari ya macho hakuigusa. Verlin alielewa kijana anafanya nini: anamwachia mlango wazi. Kilichobaki ni yeye kufunga mdomo tu, na kesho mto ungekuwa wake, na gari, na nyumba. Alikaa na jambo hilo kwa muda mfupi, maji yakimchuruzika kwenye ndevu, huku bintiye akimtukana mtu asiye na kosa.

"Mwache," alisema. "Saa ya mgeni analinganisha mwenyeji. Mimi sikuilinganisha, kwa sababu siwezi kuisoma. Na jiwe niliweka mimi, na sikuliona likizama."

"Hukuliona kwa sababu gani?"

Alimweleza. Maneno machache tu, daktari, doa, Knoxville. Reva akaligeukia gari la baba yake.

"Na nani ameendesha gari asubuhi?"

"Mimi."

Alitegemea kelele, hazikuja. Reva alipiga magoti mbele yake, na aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Baba, hata sasa unatazama mti. Tangu Krismasi najiuliza nimekukosea nini. Nilidhani ni kwa sababu nilihama. Niangalie basi."

"Nakuangalia," Verlin alisema, macho yakiwa kwenye mti. "Hivi ndivyo ninavyokuona. Nikikutazama usoni unapotea."

Reva aliweka mkono mdomoni. Kisha akasogea, akatambaa kwenye nyasi mpaka akawa pembeni kabisa ya baba yake, karibu na sikio, akauliza, "Hapa?"

"Hapo," alisema. "Umekonda."

Alitoa funguo mfukoni, zikiwa na maji, akazinyoosha kuelekea upande ule alipomwona. Reva akazichukua. Verlin alinyanyuka, akalizunguka gari lake, na akaanza kupapasa mlango wa abiria, ambao kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuufungua kwa ajili yake mwenyewe.