Mzinga wa Mwisho wa Korongo

Kiprugut, shemeji yangu, ana mdomo. Siku ile ya Julai, mwaka wa hamsini na sita, baridi ikiingia hadi mifupani, alinitangazia kwenye foleni ya posho, shamba zima likisikia. "Shemeji, mzinga wa ndugu yangu kesho naurina mimi. Goti lako hilo litakufikisha chooni tu." Watu wakacheka. Mimi nikapokea posho yangu, nikaondoka.

Marehemu mume wangu aliutundika mzinga ule mtini, mwisho wa korongo, akachonga alama ya nyumba yetu kwenye mfuniko. Sisi sheria yetu ilikuwa moja: nyumba ikishindwa kuurina mzinga wake misimu miwili, atakayefika kwanza ndiye mwenyewe. Msimu wa pili ulikuwa unaisha siku ile. Nikiukosa, jina lake linatoka mtini.

Saa nane, kazi ya kuchuma pareto ilipoisha, nilichukua ndoo, kamba, panga na kiberiti. Sikumuaga mtu. Nikateremka peke yangu.

Korongo lile halina huruma. Kuta zimesongamana, mbingu unaiona kama utepe, na mawe yanateleza. Katikati ya njia kuna mwamba unaonifika kifuani. Zamani mume wangu alikuwa akinisukuma kutoka chini, huku akinitania kwamba nimenenepa. Sasa nilijaribu mara moja, goti likakataa. Mara ya pili nikaanguka kwa matako. Nililia, sitaficha. Nikamtukana Kiprugut, halafu nikamtukana na marehemu kwa kuniacha.

Ndipo nikakumbuka maji. Ukutani pale hutiririka maji ya moto yatokayo ardhini. Nikaloweka kitambaa changu cha kichwa, nikalifunga goti, nikarudia na kurudia mpaka likalainika. Jua lilikuwa linanikimbia, lakini haraka haraka haina baraka. Kisha nikavua viatu, nikaushika mwamba kwa kucha, nikapanda. Nakwambia nilipanda, mimi mwenyewe, bila mtu wa kunisukuma.

Nilipoufikia mzinga, tawi lake lilikuwa chini, na nyuki walikuwa wamejikunyata ndani kwa baridi. Wanaume wetu husubiri giza liwatulize nyuki ndio warine. Mimi baridi ilinitosha. Nikawafukizia moshi wa majani mabichi, wakaniuma mara sita tu. Nikajaza ndoo, nikarudisha mfuniko na alama yake, na pale mwambani nikaishusha ndoo kwa kamba.

Jua lilikuwa linazama nilipotokeza juu. Kiprugut alikuwa amesimama ukingoni, anaichungulia njia yake ya kesho. Aliniona na ndoo mgongoni, shavu limevimba, nachechemea huku naimba. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe kwao, alinipisha njia.

Nikatua ndoo, nikakata sega moja, nikamnyooshea.

"Karibu asali ya nyumba yangu, shemeji. Mwakani ukiitaka tena, upige hodi."

Akaipokea kwa mikono miwili.